Ngumbaru Kazini: Historia ya Kujifunza kwa Raha

Kama umewahi kuajiriwa Kenya, hasa kwenye ofisi yenye HR, basi tim-bildingi unaijua. Basi la kampuni linang'oa nanga alfajiri. Mnagawiwa fulana za rangi moja. Mkifika mnavuta kamba, mnakimbia ndani ya magunia, mnabeba yai kwenye kijiko, na jamaa wa kukodishwa mwenye filimbi anawaambia kuwa nyinyi si wafanyakazi, nyinyi ni familia. Jumatatu familia inarudi kazini na bosi anapita mapokezi bila kusalimia mtu.

Sisemi ni vibaya. Nyama choma ya bure ni nyama choma. Lakini ukimwuliza mtu amejifunza nini siku hiyo, atacheka. Na wiki hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo inamweka chumbani saa tatu mfululizo mbele ya slaidi sitini kuhusu usalama kazini, na hapo ukimwuliza amejifunza nini hatacheka, kwa sababu alikuwa amelala. Raha tumeipeleka Naivasha na masomo tumeyaacha ofisini. Nani alizitenganisha hizi mbili? Maana zamani hazikuwa hivyo, na wala sisemi zamani za kale. Nasema zamani ambazo baba na nyanya zetu wanazikumbuka.

Ningependa tulitazame swali hili tukiwa tumesimama Kiirua, si Westlands. Kiirua iko Buuri, Kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale ardhi inapoanza kuteremka polepole kuelekea nchi kame ya Isiolo. Ni nchi ya viazi. Ina hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa, ina chuo cha ufundi, ina shule, ina maduka na bodaboda zake. Ukienda upande wa Timau unakuta mashamba makubwa ya maua, mboga na ngano. Ukiteremka kaskazini unafika Lewa, lililokuwa ranchi ya ng'ombe tangu 1922 na likawa hifadhi ya wanyamapori mwaka 1995. Kwa hiyo mtu wa Kiirua anaweza kuwa muuguzi, fundi, askari wa wanyamapori, mkata maua, mwalimu wa chuo au kibarua wa kuchimba viazi. Na waajiri nao ni wa kila aina. Mama mwenye ekari mbili, siku ya kuvuna anapoita watu kumi, ni mwajiri. Hana HR. Lakini ana watu kumi wanaomsikiliza, na hilo si jambo dogo.

Sasa, katika sehemu kama hii, kumwambia mtu mzima "njoo ujifunze" kuna neno lake. Linaitwa ngumbaru. Kamusi ya mtaani inalieleza kama masomo ya watu wazima, lakini sote tunajua lina kicheko ndani yake. Ukimwambia mtu "enda ngumbaru" umemtusi. Serikali ya Kenya ilianzisha Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966, kisha Rais Moi, mara tu alipoingia madarakani, akazindua kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka 1979 ikaundwa idara nzima ya kazi hiyo. Madarasa yalifunguliwa makanisani, chini ya miti, kwenye shule za msingi baada ya watoto kwenda nyumbani. Wengi waliokwenda walikuwa akina mama. Wanaume waliona haya. Kijana wa miaka hamsini afinyane kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, huku mtoto wa jirani anachungulia dirishani? Kimani Maruge alipojiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, dunia nzima ilishangaa, wakaja na kamera, baadaye ikatengenezwa filamu. Tulishangaa elimu yake? Mimi naona tulishangaa kwamba hakuona haya.

Haya ndiyo adui. Mtu mzima hashindwi kujifunza kwa sababu ubongo umekauka. Anashindwa kwa sababu kujifunza ni kukosea mbele ya watu, na kazini watu hao ni pamoja na yule anayeandika jina lako kwenye orodha ya kesho. Kibarua asiyejua kusoma lebo ya dawa hatauliza. Muuguzi mpya ambaye hajaelewa mashine hatauliza pia. Wote wawili wataitikia kwa kichwa. Mchezo, ukipangwa vizuri, unavunja hiyo kitu: ndani ya mchezo kila mtu anaonekana mjinga kidogo, kwa zamu, na hakuna anayekumbuka kesho. Watoto wanajua. Hakuna mtu aliyewahi kuona aibu kwa kujifunza kati au bladaa.

Wa kwanza kulielewa hili kwa kiwango kikubwa hapa kwetu, naomba mniwie radhi, lilikuwa jeshi la mkoloni.

Kabla ya hapo mwajiri wa kikoloni hakuwa na haja. Kufikia 1920 mwanamume Mwafrika alikuwa akivishwa kipande shingoni, karatasi ndani ya kopo la chuma, imeandikwa alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilisema mengi kuhusu mtu, lakini haikuwa na mahali pa kuandika amejifunza nini. Kazi ya kibarua ilikuwa misuli. Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha hesabu. Ghafla Waingereza walihitaji Waafrika wa kuendesha malori, kutuma ujumbe kwa redio, kusoma ramani, kurekebisha injini, na waliwahitaji jana. Hawakuwa na muda wa kungoja watoto wakue. Ilibidi wafundishe watu wazima, wengi wao wasiojua kusoma, wanaozungumza lugha tofauti, na kuwafundisha haraka.

Wakaunda kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki, na walimu wake Waafrika wakafunzwa Jeanes School, Kabete. Shule hii ilifunguliwa 1925, na jina lake lilitoka kwa Anna Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za Wamarekani weusi vijijini. Askari wa Keya walifundishwa Kiswahili cha kusoma na kuandika, hesabu, habari za dunia, na walifundishwa kwa maigizo, kwa nyimbo, kwa mijadala, kwa michezo ya viungo, kwa magazeti ya askari. Kulikuwa na hata kikosi cha kuzunguka vijijini na malori kikionyesha gwaride, sarakasi za mazoezi, vifaa vya redio na filamu. Ilikuwa propaganda, tusijidanganye. Lakini kama mbinu ya kufundisha, ilifanya kazi.

Ilifanya kazi kupita walivyotaka, kwa kweli. Mtu ukishamfundisha kusoma gazeti huwezi kumchagulia ukurasa. Waruhiu Itote, ambaye baadaye angekuja kuitwa Jenerali China wa msituni, alipigana Burma, na katika kitabu chake cha 1967 anasimulia jinsi mazungumzo na askari wa mataifa mengine yalivyomfumbua macho: kwa nini wewe unapigania nchi isiyo yako? Hilo halikuwa kwenye mtaala.

Baada ya vita Kabete iligeuzwa. Askari waliorudi nyumbani walifunzwa pale kuwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Mkuu wa mambo hayo serikalini alikuwa Tom Askwith, Mwingereza aliyewahi kupiga makasia kwenye Olimpiki za 1932 na 1936, na nadhani mtu wa michezo hubaki mtu wa michezo. Graham Hyslop alishughulika na muziki na maigizo, na tamthilia zake fupi za Kiswahili, *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*, zilichapishwa 1957. Maendeleo ya Wanawake nayo ilizaliwa mwaka 1952 kutokana na kozi za hapo hapo. Mwaka 1961 shule ikawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na leo ndiyo makao ya Chuo cha Serikali, ambako maofisa wa umma hupelekwa kozi. Pale ambapo askari walijifunza kwa kuigiza na kuimba, mrithi wao leo anakaa mbele ya projekta. Mimi hili linanichekesha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja.

Waajiri wa kiraia walichelewa, na walipoamka waliamshwa na mgomo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka vifaa chini Mombasa: bandari, reli, hoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Kwa karibu wiki mbili walikusanyika kila siku kwenye uwanja walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa baadaye mwaka huo na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Kutoka hapo neno "ustawi" likawa tamu midomoni mwa mabwana. Kumbi za kijamii, ligi za mpira, vikombe vya kushindaniwa, madarasa ya jioni. Timu nyingi za mpira tulizokua tukizishangilia, za viwanda vya sukari, za bia, za reli, za posta, ni wajukuu wa fikra hiyo: mfanyakazi akicheza Jumamosi hatagoma Jumatatu.

Ndiyo maana hata leo ukisema "mwajiri awape watu burudani", mzee aliyewahi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi atakunja uso. Ana haki. Burudani ya kazini ilikuja kwetu ikiwa pipi ya kumnyamazisha mtoto anayelia kwa sababu ana njaa. Mtu anayelipwa vibaya hahitaji kwanza mchezo, anahitaji mshahara. Ukisoma makala hii kama sababu ya bosi kununua mpira badala ya kulipa ovataimu, umeisoma kichwa chini.

Tuvuke mpaka kidogo, kwa sababu jirani alijaribu kitu ambacho sisi hatukukijaribu kwa ukubwa ule. Tanzania ilipochukua vyama vya wafanyakazi na kuviunganisha kuwa NUTA mwaka 1964, chama hicho hakikuanzisha ofisi tu. Kilianzisha bendi. NUTA Jazz ilibadilika jina kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma, wazee wanaojaza ukumbi Dar es Salaam. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikawa na bendi yake mwaka 1970, Urafiki Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa kiwanda, vyombo vilikuwa vya kiwanda. Hebu fikiria leo uombe kazi kwenye kampuni, uulizwe unapiga nini, useme solo gita, na upate kazi.

Lakini bendi ilikuwa ni sehemu tu. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971, nchi ikitimiza miaka kumi ya Uhuru, redio ikaendesha kampeni ya masomo iliyoitwa *Wakati wa Furaha*. Soma tena jina hilo. Kampeni ya kusoma historia ya nchi, watu wamekaa vikundi vikundi wakizunguka redio, wanasikiliza, wanasoma kijitabu, wanajadili, na imeitwa wakati wa furaha. Mwaka 1973 ikafuata *Mtu ni Afya*, ambapo watu karibu milioni mbili walikaa kwenye vikundi kama hivyo kujifunza jinsi ya kuzuia malaria na kuhara, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Na mwaka huo huo wa 1973, Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa agizo la elimu ya wafanyakazi: sehemu za kazi zianzishe madarasa, na muda wake utolewe kwenye saa za kazi.

Hapo pa mwisho ndipo pazito. Saa za kazi. Si jioni wakati mama anawaza nani atapika. Si Jumamosi. Mwajiri anakatwa sehemu ya siku aliyoinunua. Sitadanganya kwamba kila kiwanda kilitii, au kwamba masomo yote yalikuwa matamu. Mengi yalikuwa siasa ya chama na watu wakipiga miayo. Lakini kanuni ilikuwa imewekwa: kujifunza ni sehemu ya kazi, si adhabu ya baada ya kazi.

Kumbuka basi tulichonacho mpaka sasa. Jeshi lilitoa muda na likatoa raha, lakini askari hakuchagua somo. Mabwana wa Mombasa walitoa mpira. Tanzania ilitoa muda na muziki, na sauti ikabaki ya chama. Nani aliwahi kumwachia mfanyakazi mwenyewe achague anachotaka kujifunza, na kwa namna gani?

Turudi Kenya, Limuru, kijiji cha Kamiriithu, mwaka 1976. Kijiji hiki kilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, watu walipong'olewa mashambani na kurundikwa pamoja. Wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wadogo na wasio na kazi. Kulikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kikifa. Mwanamke mmoja wa kijiji alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake akamwomba asaidie. Alirudi tena na tena mpaka mwandishi akaishiwa visingizio. Huyo mama namheshimu sana. Hakuna shirika lililomtuma.

Walianza na ngumbaru. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima, ndiye aliyesukuma masomo ya kusoma na kuandika. Kisha wakaingia kwenye tamthilia, *Ngaahika Ndeenda*, iliyotungwa na hao Ngũgĩ wawili. Rasimu ilisomwa hadharani, na watu wakaanza kuisahihisha. Wazee walirekebisha Kikuyu cha profesa. Akina mama walikataa namna nyimbo zilivyoandikwa, wakaonyesha zinavyoimbwa. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza siku ya kazi inavyokwenda, wakapiga hesabu ya thamani ya viatu wanavyotengeneza na kuilinganisha na kile kinachoingia mfukoni mwao. Mazoezi yalikuwa jioni na wikendi, na yalikuwa wazi; kila mpita njia angeweza kusimama na kutoa maoni. Mtu asiyejua kusoma alijifunza maneno yake kwa kusikia, kama tunavyojifunza nyimbo. Walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa viti zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa 2 Oktoba 1977. Watu walijaa. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka, Ngũgĩ wa Thiong'o akawa kizuizini, bila kesi, hadi Desemba mwaka uliofuata, baada ya kifo cha Kenyatta. Kijiji kilipojaribu tena na mchezo mwingine, walifungiwa nje ya ukumbi wa Nairobi, na tarehe 12 Machi 1982 polisi wakaja Kamiriithu wakaubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe na hakurudi kuishi nyumbani. Alifia huko 2008. Mwenzake aliishi ughaibuni miongo, akafariki Mei 2025. Pale ukumbi uliposimama pakajengwa chuo cha ufundi.

Watu husimulia Kamiriithu kama hadithi ya siasa, au ya lugha za Kiafrika. Ni sawa. Lakini mimi naomba isomwe pia kama hadithi ya mafunzo kazini, kwa sababu hao walioigiza walikuwa ni wafanyakazi na somo lilikuwa kazi yao. Walijifunza kusoma, kupanga, kujenga, kuzungumza mbele ya watu, kupiga hesabu, kukosoana bila kupigana. Chochote ambacho HR leo anakiita stadi, walikipata pale, bila kulipwa na bila saa moja ya mwajiri. Na haya ilikwisha kwa sababu aliyetarajiwa kuwa mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusahihishwa. Profesa alikosea mbele ya kibarua, dunia haikuisha, basi kibarua naye akathubutu.

Hapo ndipo ningependa mwajiri wa leo aangalie. Si kwenye viti 2,000. Kwenye profesa anayesahihishwa.

Tuseme ni shamba la maua upande wa Timau. Kila mwaka watu wanafundishwa kuhusu dawa za kunyunyizia, maana sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri afunze. Kawaida ni hotuba. Lakini lebo za dawa zina ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu, njano, buluu, kijani. Hiyo tayari ni karata. Chukua makopo matupu yaliyosafishwa, au picha zake, gawa watu vikundi, wapange kuanzia kali hadi nafuu, halafu waulizane: ukinyunyiza hii, wenzako wangoje kiasi gani kabla ya kuingia grinihausi? Asiyejua kusoma anaijua rangi. Anayejua kusoma anajua saa. Wanahitajiana. Na msimamizi asikae pembeni na kalamu. Awe kwenye kikundi, akosee, achekwe.

Hospitalini hivyo hivyo. Zoezi la moto halina haja ya kuwa king'ora na watu kusimama kwenye maegesho wakipiga umbeya. Msafishaji anayejua kila mlango na kila ufunguo awe ndiye mwalimu siku hiyo, na daktari awe mgonjwa wa kubebwa. Nakuhakikishia hakuna atakayesahau njia ya kutokea, kwa sababu watakuwa wakikumbuka nani alimwangusha daktari.

Na yule mama wa ekari mbili? Yeye ana saa moja ya chai ya saa nne. Kuchagua viazi vya mbegu na vya soko ni elimu, na kina kijana mmoja kati ya wale kumi anayeijua kuliko yeye. Ashindanishe macho yao. Mshindi apewe debe. Imekwisha.

Jambo la pesa nalo tuliseme, maana bosi atauliza. Kenya kuna tozo ya mafunzo ya viwanda. Mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa mamlaka ya NITA. Shamba lenye watu 200 linatoa 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama akifunza watu wake kwa kozi na wakufunzi waliokubaliwa. Wengine huona tozo hiyo ni kodi tu, wanalipa na kusahau. Kule Kiirua kuna chuo cha ufundi mlangoni, chenye walimu wa kompyuta, ushonaji, umeme na magari. Si lazima mtu alete mkufunzi kutoka Nairobi na mabegi yake. Na mashamba ya maua yaliyo chini ya Fairtrade yana fungu la jamii ambalo kamati ya wafanyakazi waliochaguliwa ndiyo inaamua litumikeje. Hapo sauti ipo tayari kwenye karatasi. Lewa nayo ina programu ya elimu ya watu wazima, kwa hiyo mtu wa pande hizo akisikia neno ngumbaru si lazima acheke. Kitu kinachokosekana zaidi ni ile kanuni ya 1973, muda. Saa moja kwa wiki, ndani ya shifti, inayolipwa kama saa nyingine yoyote. Bila hiyo, mkata maua aliyesimama tangu asubuhi ataambiwa abaki jioni "kwa faida yake", na atabaki kwa mwili tu.

Halafu kuna lile la kuchagua. Uliza watu wanataka kujifunza nini na uwe tayari kwa majibu. Wengine watasema kompyuta. Wengine kuendesha gari. Wengine kuimba, na kwaya ya kazini si mzaha: Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayofika 1927, na mtu anayeweza kushika sauti ya tatu kwenye kwaya anaweza kusikiliza wenzake kwenye mkutano.

Na mmoja, nyuma kabisa, atainua mkono aseme angependa kuelewa peisilipu yake. NSSF ni nini hasa, ile asilimia 2.75 ya bima ya afya inakatwa kwenye nini, asilimia 1.5 ya nyumba inakwenda wapi, na ovataimu ya wiki iliyopita iko mstari gani. Ni somo zuri sana. Linafaa mchezo: weka peisilipu ya mfanyakazi wa kubuni, tupa makosa matatu ndani, kikundi cha kwanza kuyapata kinashinda soda. Lina hesabu, lina sheria, lina kicheko. Linafanana pia, sitalificha, na ile hesabu ya viatu ya Kamiriithu. Bosi atatazama chini kidogo, atakohoa, atamwangalia mhasibu. Soda zitakuwa mezani tayari, na watu watakuwa wanangoja aseme kama Jumatano saa nane inafaa.